Je, Nia Njema Yatosha?

Mara nyingi watu husikika wakisema: "Fulani hana kosa, maana alitaka mema." Mama ampa mtoto dawa isiyomfaa, mtoto azidi kuugua, jirani wasema: "Alitaka mema." Kijana atengeneza daraja la miti juu ya kijito, mti wavunjika, mzee aanguka, watu wasema tena: "Alitaka mema." Neno hilo lina kweli ndani yake, wala si la kudharauliwa, kwa sababu Mungu hutazama moyo wa mtu. Lakini je, lamaliza mambo yote? Mtu aliyetaka mema, na kazi yake ikaleta mabaya, adaiwa nini tena?

Swali hilo huingia katika kila nyumba. Ili lionekane wazi, yafaa kulitazama katika habari moja ya kweli. Ni habari ya mganga wa Uingereza aliyetaka kuwaponya vilema, akawaumiza watu karibu 300, na kisha kazi yake ikawasimamisha watu wasiohesabika.

1. Kitu cheupe mwisho wa mfupa

Kila aliyekula mguu wa mbuzi amekiona kitu hicho. Mahali mifupa miwili ikutanapo, mwisho wa kila mfupa pana kifuniko cheupe, chororo, chenye kuteleza. Ndilo gegedu. Kwa mtu, gegedu la nyonga au la goti lina unene wa milimita chache tu, na juu yake hukaa uzito wote wa mwili, siku zote, tangu utoto mpaka uzee.

Limefanywaje hata liweze kazi hiyo? Karibu sehemu 7 katika 10 za gegedu ni maji. Maji hayo yameshikwa ndani ya nyuzi nyembamba, kama maji yaliyomo ndani ya sifongo. Mtu akikanyaga, maji yabanwa na kuupokea uzito. Akiinua mguu, maji yarudi mahali pake. Pamoja na ute uliomo katika kiungo, gegedu huteleza kuliko chuma kilichopakwa mafuta.

Lakini lina unyonge mmoja. Halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatwa, damu huleta vitu vya kuiponya. Mfupa ukivunjika, huunga. Bali gegedu likiisha kulika, halirudi kuwa kama lilivyokuwa. Mwaka 1743 mganga William Hunter aliwaeleza wenye elimu wa Royal Society huko London ya kwamba jambo hilo lilijulikana tangu waganga wa kale wa Wagiriki. Gegedu likiisha, mfupa husaga mfupa. Hapo mzee hawezi tena kupiga magoti, mama hawezi kuinama shambani, na usiku maumivu hayamwachii mtu usingizi.

2. Je, ni halali kutia kitu cha mikono ya watu?

Wengine huogopa, wakisema: "Mfupa ni kazi ya Mungu. Mtu awezaje kutoa kilichoumbwa, akatia mahali pake kitu cha kiwandani?" Hofu hiyo yatoka katika heshima, basi isichekwe. Lakini jibu lake si gumu. Kipofu hushika fimbo, wala hamtukani Muumba aliyempa macho. Aliyekatwa mguu huvaa mguu wa mti. Mwili ni amana, na mwenye amana yampasa kuitunza; asiyeitengeneza nyumba inayovuja, hali aweza kuitengeneza, hamheshimu aliyempa nyumba hiyo.

Hata hivyo uhalali huo una mpaka wake. Mwaka 1952 Papa Pius XII aliwafundisha waganga ya kwamba mganga hana haki juu ya mwili wa mgonjwa ila ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa si mti wa kujifunzia kuchonga. Basi neno la kuulizwa ni hili: mwenye kutia kitu kipya katika mwili wa mwenziwe, atakitia kwa namna gani, na baada ya kukitia atafanya nini?

3. Nyonga iliyolia mezani

Mwaka 1946 ndugu wawili, Robert na Jean Judet, waganga wa Paris, walianza kutia kichwa cha plastiki mahali pa kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika. Watu wengi wakapewa kichwa cha namna hiyo. Mmoja wao alikutana na mganga John Charnley, aliyekuwa akifanya kazi Manchester. Nyonga ya mtu huyo ilikuwa ikilia kama mlango mkavu kila alipoinama mezani, hata mkewe hakuweza kuvumilia, akawa akitoka katika chumba.

Wengine wangecheka, kisha wakasahau. Charnley aliwaza: kinacholia chasuguana, na kinachosuguana kwa nguvu hulegea. Ndipo alipoanza kutafuta kitu chenye utelezi kama wa gegedu.

Alikipata kitu kimoja cheupe chenye kuteleza sana, kiitwacho Teflon, ambacho mafundi hukipaka katika sufuria ili chakula kisishike. Katika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan, iliyokuwa zamani hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, alikitia katika nyonga za watu. Mwanzo alivika mifupa yote miwili ngozi nyembamba za Teflon, kana kwamba ni gegedu jipya. Jambo hilo likashindwa. Kisha akafanya namna nyingine: kichwa kidogo cha chuma juu ya mfupa wa paja, na kikombe cha Teflon upande wa pili, vyote viwili vikishikwa kwa saruji ya namna ile itumiwayo na waganga wa meno.

Furaha ikawa kubwa. Watu walioletwa wakiegemea magongo walitoka wakitembea. Maumivu ya miaka mingi yaliondoka kwa siku chache. Mwaka 1961 Charnley akaitangaza kazi yake katika jarida la waganga liitwalo The Lancet.

Kumbe adui alikwisha kuingia. Baada ya miaka miwili mitatu kichwa cha chuma kilianza kuzama ndani ya kikombe, kama mchi uchimbavyo kinu kilichooza. Unga wa Teflon ukaenea ndani ya nyama. Mwili ukapigana nao, pakavimba, mfupa ukaliwa, kikombe kikalegea. Waliokuwa wamesahau maumivu wakayakumbuka tena. Na watu waliotiwa Teflon walikuwa karibu 300.

Charnley alikuwa ameupima utelezi wa Teflon, naye hakukosea: ilikuwa ikiteleza kweli. Lakini hakupima vya kutosha jinsi ingalivyolika chini ya uzito wa mtu atembeaye kila siku. Sifa moja njema ilimfumba macho asiione nyingine iliyopungua. Na hivyo ndivyo watu wengi wakoseavyo: si kwa kutaka mabaya, bali kwa kupenda jema moja upesi mno.

4. Njia tatu za kukosa

Hapa yafaa kusimama na kuangalia vema. Mtu aliyeleta mabaya pasipo kutaka aweza kuwa mahali patatu, na mahali hapo hapalingani.

Wa kwanza ni yule asiyejua. Alitafuta, akauliza, akapima kama ilivyowezekana, na bado jambo likamponyoka. Kijana aliyejenga daraja aliuchagua mti ulioonekana mzima. Mchwa walikuwa ndani, hawakuonekana. Moyo wake hauna dhambi. Lakini mzee ameanguka. Kutokuwa na dhambi hakumwinui mzee kutoka mtoni.

Wa pili ni yule asiyetaka kujua. Amesikia mti ukilia, akaziba masikio. Alijisemea: "Nikiuchunguza, labda nitakuta jambo, na nikikuta jambo itanipasa kazi." Huyo asema, "Sikujua," na neno lake ni kweli kwa ulimi, lakini moyoni ni uwongo. Kutokujua kwake alikununua mwenyewe, akalipa kwa usalama wa wengine.

Wa tatu ni yule ajuaye akaficha. Amewaona mchwa, na watu wapita kila asubuhi kwenda shambani, naye anyamaza ili jina lake lisiharibike.

Wote watatu walianza kwa nia moja njema: kujenga daraja. Tazama basi jinsi nia njema ya mwanzo isivyowatenga. Kinachowatenga ni kile walichofanya baada ya mti kulia. Nia njema ni kama mbegu. Yahitajiwa, na pasipo mbegu hakuna shamba. Lakini hakuna mtu avunaye mbegu aliyoitupa tu, bila kurudi kupalilia.

5. Kipande alichokidharau

Charnley aliposikia mti ukilia, hakuziba masikio. Hata hivyo, hata yeye alihitaji msaada wa mwingine ili asikie vema.

Mwezi wa Mei 1962 mchuuzi mmoja alifika hospitalini akiuza kipande cha plastiki ngumu iitwayo poliethilini. Plastiki hiyo ilitumiwa katika mashine za kufuma nguo za viwanda vya Lancashire. Charnley aliikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akaona haifai, akaenda zake. Lakini fundi wake, Harry Craven, hakuitupa. Mganga aliposafiri kwenda ng'ambo, fundi aliitia katika mashine ya kupimia, iliyosugua chuma juu ya plastiki mchana na usiku. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja.

Charnley aliporudi, fundi akamwambia. Hapo palikuwa na mtego. Mganga mwenye cheo alikwisha kusema ya kwamba kitu hicho hakifai. Fundi asiye na cheo alionyesha ya kwamba chafaa. Ni wakubwa wangapi wangemkemea fundi kwa kutotii? Charnley alikwenda kwenye mashine, akatazama, akakubali kile alichokiona kwa macho. Mwezi wa Novemba 1962 nyonga ya kwanza yenye kikombe cha poliethilini ikatiwa katika mgonjwa. Kama mganga angalishika heshima yake siku ile, watu wangalizidi kuumia. Unyenyekevu haukuwa pambo la tabia yake tu. Ulikuwa dawa ya wagonjwa.

6. Paja la mganga

Lakini poliethilini nayo je? Haingeweza kuwa Teflon ya pili? Charnley alitaka kujua jinsi mwili uvipokeavyo vitu hivyo viwili. Akatia vipande vidogo vya Teflon na vya poliethilini ndani ya paja lake mwenyewe, akangoja. Baada ya miezi mahali pa Teflon pakafanya uvimbe ulioguswa kwa mkono. Mahali pa poliethilini palikaa kimya. Mwaka 1963 akayaandika hayo katika The Lancet, jarida lile lile alilolitumia miaka miwili kabla kuitangaza kazi yake ya Teflon.

Wengi huisifu habari hiyo ya paja, na kweli yastahili sifa. Lakini haki yadai kusema neno lote. Kipimo hicho kilikuja kwa kuchelewa. Wagonjwa walikwisha kutangulia kuumia. Tena mtu aumiapo mwenyewe hamwondolei mwenziwe maumivu. Ubora wa tendo hilo ni mwingine: tangu siku ile mganga hakutaka tena mwili wa mgonjwa uwe mahali pa kwanza pa kulijua kosa lake.

Kisha akafanya mambo matatu yasiyosimuliwa sana, nayo ni makubwa kuliko paja. Kwanza, wagonjwa wa Teflon walirudishwa, wakapasuliwa tena, vikombe vilivyolika vikatolewa. Kazi hiyo ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, wala haina sifa. Pili, kwa miaka mingi hakuruhusu nyonga mpya iuzwe ovyo. Aliyetaka kuitumia alipaswa kwanza kwenda kujifunza. Tatu, aliwaomba wagonjwa wake wakubali ya kwamba, watakapokufa, nyonga zao zitolewe na kuchunguzwa, na wengi walikubali. Hivyo waliokufa waliwasaidia walio hai, na mganga alijitia mwenyewe chini ya hukumu ya miaka 10, 20 na zaidi.

Mkatekumeni hufundishwa ya kwamba mwizi hatoshi kujuta tu, yampasa kurudisha. Aliyemwumiza mwenziwe pasipo kutaka si mwizi, lakini na yeye ana deni. Deni hilo lina sehemu tatu: kutazama, kusema, kutengeneza. Asiyetazama hajui la kusema. Asiyesema hawezi kutengeneza vema. Na asemaye pasipo kutengeneza ameuosha uso wake tu.

7. Neno la wapingaji

Mtu mwenye akili aweza kupinga hivi: "Kazi njema huhitaji imani ya watu. Mganga akitangaza kosa lake, watu wataogopa, hawatakwenda tena hospitalini, na wengi zaidi wataumia. Je, si afadhali atengeneze kwa siri?"

Neno hilo lina uzito, kwa maana imani ikivunjika ni shida kuirudisha. Lakini imani iliyojengwa juu ya kitu kilichofichwa ni kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya mchwa. Chokaa ni nyeupe, na ukuta wazidi kuliwa. Zaidi ya hayo, kosa lililofichwa halibaki kwa mwenyewe. Mafundi wengine, wasiojua, hulirudia. Charnley aliposema wazi ya kwamba Teflon ni mbaya ndani ya mwili, aliwafungia njia hiyo waganga wasiomjua wala kumwona. Na je, watu walimkimbia? Hapana. Nyonga yake ilienea duniani, na mwaka 2007 The Lancet likaiita kazi ya kubadili nyonga "upasuaji wa karne." Charnley alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1982.

8. Mtihani haujaisha

Hata poliethilini ilikuwa na siri yake. Miaka ilipopita ilionekana ya kwamba unga wake mdogo, japo ni kidogo kuliko wa Teflon, nao waweza kuula mfupa polepole. Mafundi wakaifanya kuwa ngumu zaidi. Wengine wakarudia chuma juu ya chuma. Aina moja ya nyonga hizo, iliyokwisha kutiwa katika watu zaidi ya 90,000, iliondolewa sokoni mwaka 2010, kwa sababu ilishindwa mapema mno. Tazama tofauti ya hesabu: 300, na 90,000. Biashara yaweza kukimbia upesi kuliko macho ya waangaliao.

Siku hizi wataalamu wanatafuta kufanya gegedu lenyewe, laini, lenye maji ndani kama lile la Mungu. Mwaka 2016 aina moja ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani kwa kiungo cha kidole kikubwa cha mguu. Mwaka 2024 ikaondolewa sokoni. Katika Chuo Kikuu cha Duke, huko huko Marekani, mwaka 2020 ilionyeshwa aina nyingine yenye maji mengi, na kipande chake kilicho kidogo kama sarafu kiliubeba uzito wa kilo 45 bila kupasuka. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kubeba uzito mbele ya wageni ni jambo moja, na kutembea na mtu miaka 20 ni jambo lingine.

Kwa hiyo nchi nyingine ziliweka daftari. Sweden ilianza kuandika nyonga zote mwaka 1979. Uingereza na Wales mwaka 2003. Nyonga inapotiwa, huandikwa: ya aina gani, siku gani, na ikishindwa, lini. Wakristu wanalijua daftari la namna hiyo. Katika parokia jina la kila abatizwaye huandikwa, na kando yake huandikwa baadaye mambo yanayomfikia. Asiyeandikwa husahauliwa, na aliyesahauliwa akiumia hakuna asikiaye.

9. Neno la mwisho

Basi, je, nia njema yatosha? Yatosha kuanza. Haitoshi kumaliza. Kijana wa daraja, baada ya mzee kuanguka, hana haja ya kulia siku tatu akisema, "Nilitaka mema." Na apige mbiu ili mtu asipite, amtunze mzee, aitoe ile miti yote, hata inayoonekana mizima, aigonge mmoja mmoja. Kisha, daraja jipya likiisha kujengwa, awe yeye wa kwanza kupita, na kila mwaka mvua zikiisha arudi kulitazama.

Maswali ya kujiuliza

1. Ni kazi gani njema niliyoitenda, ambayo sijarudi kuiangalia?

2. Mdogo wangu au mtumishi wangu akinionyesha kosa langu, je, nautazama kwanza ukweli, au cheo changu?

3. Nisemapo, "Sikujua," je, sikuweza kujua, au sikutaka?

4. Nani ameumia kwa wema wangu, na je, jina lake nimeliandika wapi?